Nanga Mbili Yenye Pete

Ubao wenyewe ulitoka Mackinnon Road. Mume wangu Suleiman, Mungu amrehemu, alikuwa akipakua mizigo ya jeshi kule, na kazi ilipokwisha hakurudi na kitu ila ubao mmoja mnene wa sanduku, una maandishi meusi ya Kizungu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua yanasema nini. Akauweka juu ya mawe mbele ya nyumba yetu, hapa Msambweni, kwenye njia ya kwendea hospitali, akapata dele la shaba la kahawa na vikombe vya kauri, na tangu hapo mlango wetu ukawa kijiwe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kikaango changu cha buni. Nilikuwa mke kijana, na mwanamke aliye nyuma ya pazia husikia mengi kwa sababu watu humsahau. Wale wanaume wote wamekwisha kwenda mbele ya haki. Sauti zao ninazo. Nikikaa nikafumba macho, kila mmoja hukohoa mahali pake palepale ubaoni.

Upande wa kivulini palikuwa pa Ngala, tuliyemwita Redio. Redio yenyewe ilikuwa moja tu mjini, iko dukani, na Ngala alishindana nayo kwa habari, tena yeye hakuhitaji betri. Karibu yake alikaa Mwinyihaji, na jina lake la kijiweni lilikuwa Daktari. Hakuwa daktari. Aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa ini, akakaa sana wodini, na alipotoka alitoka na elimu. Kwenye ncha ya pili alikaa Makame wa Funzi, tuliyemwita Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, ingawa alikuwa mpishi tu kwenye meli za watu, akafika bandari ambazo majina yake yalibadilika kidogo kila alipozitaja. Na katikati, mgongo umenyooka, fimbo baina ya magoti, alikaa Mzee Chirau. Yeye hakuna aliyethubutu kumpa jina.

Mzee Chirau alikuwa mkulima wa tumbaku kule Milalani. Misokoto yake ilijulikana kutoka Likoni mpaka Vanga. Bibi vizee wenye kutafuna tambuu walisema tumbaku ya Chirau haichomi ulimi, inauamsha tu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mwinga. Mwaka mmoja mvua ikapitiliza, jani likaoza shambani, na Mwinga bila kumwambia baba yake akaanika majani ya mpapai, akayasokota pamoja na tumbaku kidogo iliyosalia, akauza kwa jina la mzee. Ijumaa, baada ya sala, watu wakaanza kurudisha. Hawakugomba. Kila mtu aliweka msokoto wake mlangoni kwa Chirau, akatoa salamu, akaenda zake. Mzee aliuchoma mzigo wote, akang'oa na miche, na tangu siku hiyo hakupanda tena jani. Mwinga akaondoka kabla ya kupambazuka, akaenda Mombasa. Mama yake, Mwanafatuma, alikufa akimwulizia, na habari haikumfikia mwanawe mpaka kaburi limekwisha kuota nyasi.

Na juu ya aibu hiyo tukasikia ameajiriwa na wenye Nanga Mbili.

Nyinyi hamkuijua Nanga Mbili. Ilikuwa siga, yaani ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi, ikikunjwa katika karakana moja ya uani huko Mombasa. Walioinunua ni mabaharia walioishiwa. Sifa yake ilikuwa mbaya hata sisi wanawake tuliifanya neno la jikoni. Mtu akitokeza ananuka moshi wa kuni mbichi, aliulizwa, mwenzangu, umevuta Nanga Mbili?

Sasa siku ninayoisema ilikuwa mwaka ule picha ya Malkia mpya ilipotundikwa hospitali. Ilikuwa adhuhuri imepita. Lori la mbata likasimama ng'ambo ya njia, penye ghala, na Mwinga akashuka. Sote tulimwona. Alikuwa amekonda, kanzu yake safi, viatu mkononi. Hakuvuka njia. Alikaa juu ya magunia ya mbata yaliyopangwa nje ya ghala, uso kuelekea kwetu, akaweka mikono magotini. Aliyevuka ni Kaingu, mpakizi wa lori.

— Mzee Chirau, shikamoo.

— Marahaba.

— Nimepewa hiki nikufikishie. Mwenyewe anasema amekikunja kwa mkono wake.

Akaweka juu ya ubao kikopo chembamba cha bati, akarudi kwenye lori lake, likaondoka.

Hapa nieleze jambo, maana vijana wa leo hawalijui. Katika ukoo wetu, na koo za jirani tulizooleana nazo, mtu aliyekosana na mzazi wake haji akabisha hodi. Hutanguliza kitu cha kutia mdomoni, tambuu au tumbaku. Tulikiita ufunguo. Mzazi akikitia mdomoni, amekubali kusikiliza. Asipotaka, hukirudisha kizima kama kilivyokuja. Na yule aliyekituma hukaa mbali, mahali anapoonekana, hali wala hanywi cha mtu mpaka jibu lije. Kwa hiyo msituone wabaya kwamba hakuna aliyempelekea Mwinga maji. Haikuwa kazi yetu kumpelekea.

Mzee Chirau hakukigusa kile kikopo. Alikitazama kama unavyomtazama nge ambaye hujajua kama yu hai.

— Nitakirudisha, akasema.

Suleiman akamimina kahawa. Ikanywewa kimya. Watu wakaenda kuswali alasiri, wakarudi, kila mmoja mahali pake, na kikopo kiko palepale. Na ng'ambo ya njia Mwinga yuko palepale.

Aliyeshindwa na ule ukimya ni Redio, kama kawaida yake.

— Kukirudisha ni haki yako, mzee. Hakuna wa kukulaumu. Lakini mtu harudishi kitu asichokijua. Tuangalie kilichomo. Kuangalia si kuonja.

— Angalieni, akasema Mzee Chirau.

Redio akafungua. Ikatoka siga ndefu ya shubiri nzima, rangi yake kama tende iliyoiva, imevaa pete ya karatasi ya dhahabu, na juu ya pete pamechorwa nanga mbili.

— Lahaula, akasema Redio taratibu. Ni Nanga Mbili. Amemletea baba yake Nanga Mbili.

— Mbona ina pete? akauliza Daktari.

— Hiyo ndiyo mpya yao. Niliisikia habari yake Likoni. Wanawafanyia Wazungu wenye nyumba za pwani kule Diani. Kila moja na kikopo chake, kama dawa.

— Ndani ni ileile. Pete ni ya macho, na pafu halina macho.

— Wewe uliwahi kuivuta? akauliza Serahangi.

— Sikuwahi. Lakini wodini nililazwa karibu na mtu aliyekuwa akiivuta.

— Akafa?

— Akatoka kabla yangu. Lakini kikohozi chake hakikuwa kikohozi cha mwanadamu.

— Mnajua inafanywa kwa kitu gani? akasema Redio, naye hakungoja mtu aseme hajui. Wana mtu wao gatini. Kila meli inayofunga, yeye huokota vipande walivyotupa mabaharia, anatia guniani. Vinaroweshwa, vinakunjwa upya. Ukivuta Nanga Mbili moja umevuta mate ya Mgiriki, ya Mchina na ya Mreno kwa pamoja.

— Mimi niliambiwa ni majamvi, akasema Daktari. Majamvi ya msikitini yakichakaa.

— Msiutie msikiti, akasema Suleiman. Huyu mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache.

— Basi majamvi ya nyumbani.

— Nahodha wangu mmoja alinunua gunia zima la Nanga Mbili, akasema Serahangi, akaegemeza mgongo. Akaziwasha chini, penye shehena. Panya wakatoka wote. Wakashuka kwa kamba wakiwa wamepanga safu, wazee mbele, watoto nyuma. Hatukuona panya tena mpaka Basra.

— Juzi ulisema mpaka Bombei.

— Zilikuwa safari mbili.

— Na panya walewale?

— Ngala, mimi nakueleza habari ya moshi, wewe unanihoji habari ya panya.

Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka nani amekaa katikati yao, wakaacha. Mzee Chirau alikuwa hatazami siga wala hatazami ghala. Alikuwa akitazama kichwa cha fimbo yake. Macho yake siku zile yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kwenda msikitini alikwenda kwa kupapasa ukuta, kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na wa kumshika mkono.

— Tukibishana hivi itaingia magharibi hatujajua kitu, akasema Redio. Na hilo nalo ni dhambi, kukisingizia kitu ambacho hujakionja.

Akachukua koleo ya Suleiman, akatoa kaa chini ya dele. Akaitia siga mdomoni, akaliegemeza kaa.

Mimi niliinua pazia kidogo nikamtazama Mzee Chirau. Aliona. Ukungu au si ukungu, kaa la moto mtu huliona. Mdomo wake ulifunguka kidogo, ukafunga.

Redio alivuta kwa pumzi yake yote kama mtu anayezama. Akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

— Hiyo haimezwi, akasema Serahangi. Moshi wake unakaa mdomoni, unauonja kama mchuzi, kisha unautoa.

— Ungesema mapema, ndugu yangu.

— Uliniuliza?

— Je, ni mpapai? akauliza Daktari. Aliuliza kwa sauti ndogo, lakini neno hilo lilikuwa halijatamkwa mbele ya Chirau tangu Ijumaa ile.

— Sijui. Sikuonja, nimeona nyota tu. Subiri nivute tena.

— Nipe mimi, wewe umeshaumia, akasema Daktari.

Akavuta kwa adabu, midomo imechongoka, akafumba macho na kuweka kiganja ubavuni.

— Naona karafuu.

— Karafuu itoke wapi?

— Nasema ninayoyaona. Na ini langu limetulia. Kitu kibaya likikipata huniambia papo hapo. Siku ya wale samaki wa harusi, mlikula nyote, mimi nikasema ini limekataa. Mkanicheka.

— Tulikucheka na tukaugua, akasema Suleiman. Ni kweli.

Ikafika kwa Serahangi. Huyu aliishika kwa vidole viwili na gumba, kama alivyowaona manahodha, akakaa nayo muda mrefu.

— Kwanza ni ghala la ngozi, akasema. Halafu zinaingia tende. Halafu mwisho kabisa, kuna mtu yuko mbali anapasua kuni.

— Kuni ndiyo Nanga Mbili yenyewe sasa.

— Kuni kavu, Ngala. Nimesema kavu.

— Lete. Uchungu wa mpapai mimi naujua, niliununua ule msokoto, niliutafuna. Unakaa hapa, pembeni mwa ulimi.

Akavuta. Tukangoja.

— Umeupata?

— Bado.

Akavuta tena.

— Bado. Lakini labda umewekwa mwishoni. Mwenye kuuza mchele mbovu huuweka chini ya gunia. Huku mbele wametia jani zuri ili mtu aamini, na akishaamini, ndipo wanamtia mpapai.

— Basi itabidi ufike mwishoni, akasema Serahangi.

— Ndivyo ninavyofanya. Si kwa raha.

Ikazunguka. Majivu yake yalikuwa meupe, yakishikana wala hayaanguki, na moshi wake ukaingia hadi kwangu nyuma ya pazia. Sikuwahi kuvuta kitu maishani mwangu, lakini niliujua ule moshi. Ulikuwa harufu ya kupita shambani Milalani wakati wa kuanika, nilipokuwa msichana, jani likiwa limening'inia kwenye kamba na Mwanafatuma akituita tukale mihogo. Nikasahau buni motoni ikataka kuungua.

— Sioni mpapai, akasema Daktari alipoirudia. Wallahi sioni.

— Huuoni kwa sababu umepikwa, akasema Redio. Sasa alikuwa amekwisha kupata njia, na Ngala akipata njia hasimami. Sikieni. Huyu kijana amekaa na wenye karakana miaka yote hii. Wamegundua dawa ya kuondoa uchungu. Unachemsha jani la mpapai, unatia dawa, linatoka halina hata kumbukumbu ya kuwa mpapai. Wazungu hawashindwi na kitu.

— Dawa hiyo ipo, akasema Daktari. Nimeiona kwa macho yangu hospitali. Iko kwenye chupa ya buluu. Mtu anapewa tone moja, akinywa kwinini anaona anakunywa asali. Kuna mgonjwa alipewa kwa makosa, akala sabuni nzima akiomba nyingine.

— Mmeona? Kwa hiyo huu uzuri wake ndio wa kuogopa.

Serahangi akageuka kumkabili Redio. Akasema polepole:

— Ngoja nikufahamu, Ngala. Ikiwa ni mbaya, Mwinga ni mwongo.

— Naam.

— Na ikiwa ni nzuri, Mwinga ni mwongo mwenye dawa.

— Naam, akasema Redio.

Kisha hata yeye akalisikia lile neno lilivyotoka. Akaitazama siga mkononi mwake. Ilikuwa imekwisha kupita nusu, moto unaukaribia ule utepe wa dhahabu.

Hapo ndipo Suleiman alipoweka chini dele lake.

— Ndugu zangu, akasema. Huo si ufunguo?

Redio akabaki na siga hewani. Walikuwa wameyashughulikia ya Nanga Mbili, mate na panya na majamvi, wakasahau kitu chenyewe kilikuja kwa kazi gani. Kitu ambacho mdomo wa kwanza kukigusa ulipasa kuwa wa Chirau, au usikiguse mdomo wowote.

— Hatukuivuta, akasema Redio. Tumeionja.

— Kitu cha kurudishwa hurudishwa kizima, akasema Daktari. Hii ina uzima gani?

— Tuizime, akasema Redio. Tuirudishe kikoponi, tufunge. Tuseme ilishika moto yenyewe, kwa jua.

— Jua la saa hizi?

— La mchana. Ilikuwa imekaa hapa tangu mchana.

— Ndani ya kikopo kilichofungwa. Na yeye amekaa pale anatutazama.

Wakageuka wote kwa pamoja wakatazama ng'ambo. Kweli, alikuwa akitutazama. Alikuwa ameona kila pumzi iliyotoka. Hakusogea.

— Kwetu Funzi, akasema Serahangi, mashahidi wakila ni kama mzee amekula. Neno limefunguka.

— Kwenu Funzi mmezungukwa na maji, mnajitungia sheria. Huku bara mdomo wa mtu ni wake.

— Basi niambieni sheria ya huku. Hakuivuta, kwa hiyo hakukubali. Hawezi kuirudisha, kwa hiyo hakukataa. Mtu wa namna hiyo amefanya nini?

Hakuna aliyeijua sheria hiyo. Haikuwapo. Tangu wazee wetu hakujawahi kutokea watu wapumbavu kiasi cha kuuteketeza ufunguo wa mwenzao wakibishana habari ya karakana ulikotoka.

— Nipeni, akasema Mzee Chirau.

Redio alimpa kwa mikono miwili. Mzee hakuivuta mara moja. Aliipitisha vidole. Akaigusa ncha isiyo na moto, akafuata mkunjo wa jani la juu kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, ukizunguka, ukizunguka, mpaka ukafika penye pete. Pale akasimama.

— Amekunja kwa kushoto, akasema.

Akapitisha ukucha pale tena.

— Nilimpiga sana kwa ajili ya mkono huu. Nilimwambia msokoto unaokwenda kushoto unafunguka njiani. Mama yake akaniambia, Chirau, mwache, wake haufunguki.

Ndipo akaitia mdomoni. Hakufumba macho kama Daktari, wala hakukaa kimanahodha. Alivuta kama mtu anayeonja chumvi kabla chakula hakijaondolewa motoni. Moshi ukatoka. Akavuta tena. Mkono ulioshika siga ulitulia.

— Haina mpapai, akasema.

— Alhamdulillahi, akasema Daktari.

— Haina kitu kingine chochote. Ni jani.

— Basi yamekwisha, akasema Redio, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli, maana alikuwa mtu mwema huyu, ulimi wake tu. Mwite, mzee. Nimwite mimi?

Mzee Chirau akatikisa kichwa.

— Jani zuri si jambo gumu, Ngala. Jani zuri alijua kulilima akiwa hana ndevu. Hakuniharibia jani, aliniharibia jina. Leo anarudi na jani zuri ndani ya jina bovu la watu wengine. Nikimwita nitamwambia nini? Kwamba nimeonja, na tumbaku ni nzuri? Na mama yake je? Yeye alionja nini?

— Mzee, akasema Serahangi. Kwa heshima zote. Ulituona tukiiwasha. Mbona hukutukataza?

Chirau akaipeleka siga mdomoni tena. Majivu yakaanguka juu ya kanzu yake, asiyapanguse.

Suleiman akainua dele ili kuwaongezea, akaliinamisha mpaka mwisho. Yakatoka machicha tu. Alilishika hivyohivyo, limeinama, kama mtu aliyesahau kazi ya mkono wake. Na hakuna aliyeondoka, kwa kuwa kuondoka kungekuwa kumwacha mzee peke yake na ile njia.

Ndipo akaja mtu tusiyemjua. Mtu wa makamo, shuka begani, kibuyu cha maji kikining'inia, anatoka upande wa ghala. Akatoa salamu vizuri, akapeana mikono na kila mmoja, akaanzia kwa mzee. Akasema jina lake ni Chengo, ametoka huko juu Kwale, amemleta mkewe hospitali na wamemwambia arudi kumtazama jioni. Akaomba kahawa. Suleiman akamwambia imekwisha, amwie radhi, akae apumzike. Akakaa ncha ya ubao, karibu na Serahangi.

— Jamani, mimi mgeni hapa, akasema. Mniwie radhi kwa kuuliza. Yule bwana aliyekaa juu ya magunia, ni mgeni wa nani?

Suleiman akaanza kukusanya vikombe.

— Nimempa maji katika kibuyu hiki. Akanishukuru sana, asinywe. Na midomo imempasuka. Nikamwuliza, umefunga? Akasema hapana. Nikadhani labda anamngoja mwenyeji wake.

Redio, mtu aliyejibu maswali ya serikali na ya mwezi kuandama, akainamia miguu yake. Daktari akashika ubavu wake. Serahangi akatazama angani kana kwamba anatafuta wapi upepo. Kusema ni mgeni wa Mzee Chirau kungekuwa kumhukumia mzee. Kusema hana mwenyeji kungekuwa kusema kwamba mtu amekaa katika mji wa Msambweni tangu mchana, mbele ya nyumba zilizotoka moshi, wala si wa mtu.

Chengo alingoja. Hakuwa na hila, aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

— Au hana mwenyewe? akasema.

Mzee Chirau akaitoa siga mdomoni. Akaizima juu ya jiwe, taratibu, bila kuivunja. Akaivua ile pete ya dhahabu, akaitia mfukoni.

— Mwanasha, mwanangu, akaita. Hakugeuka. Kumbe yeye hakunisahau, muda wote alijua niko nyuma ya pazia.

— Abee, baba.

— Teleka kahawa nyingine. Na chakula, kama kipo.

— Kipo. Ni muhogo na papa tu.

— Anakula papa, akasema. Alikuwa akipenda sana.

Akasimama kwa fimbo yake. Daktari akataka kumshika kiwiko, akamwondoa. Kisha akamgeukia yule Chengo, akamtafuta uso kwa yale macho yake ya ukungu.

— Si mgeni huyo, baba, akamwambia.

Akavuka njia. Alikwenda kwa kupapasa kwa fimbo, pole sana, na nikamwona Mwinga akiinuka juu ya magunia, viatu vikamwanguka. Walichoambiana sikukisikia. Nilikuwa nimepiga magoti jikoni napuliza moto, na kuni zilikuwa mbichi. Sauti zote za siku ile ninazo, ila hiyo sina, na mpaka leo nikikaa peke yangu huitafuta.

Nilipotokeza na dele, wale watatu na Chengo walikuwa wamekwisha kusogea, kila mmoja kidogo, bila kuambiana, na katikati ya ubao palikuwa na nafasi ya watu wawili.